Siwatu na Mpaka wa Balozi

Siwatu aliuza chai na vitumbua nje ya ukuta wa ubalozi mmoja jijini Dar es Salaam, na wateja wake walikuwa watu wa foleni ya viza. Asubuhi moja balozi mpya, hata mizigo hajafungua, akamtokea na walinzi wake.

"Mama, ondoa jiko lako. Ubalozi ni nchi yetu, na nchi yetu inafika hadi kwenye mtaro ule."

"Haya, Mheshimiwa, sibishani na mwenye nchi. Ila litamke kwa sauti, foleni nzima isikie, nisije nikaondoka mimi akakaa mwingine."

Balozi akajikohoza, akapaza sauti: "Kuanzia ukutani hadi mtaroni ni nchi yetu!"

Siwatu akaigeukia foleni. "Jamani, mmesikia? Viza za nini tena? Mmeshafika!"

Vikapigwa vigelegele. Mmoja akatandika khanga akajilaza, mwingine akampigia mama yake simu kwamba amefika salama.

"Hapana!" balozi akabwata. "Hapa si kwetu! Nchi yetu inaishia ukutani!"

"Ahaa," Siwatu akasema, akichochea mkaa. "Basi vuta kigoda, Mheshimiwa. Karibu Tanzania. Chai ya rangi au ya maziwa?"