Yakuti Iliyoogopa Jua

Walionitangulia walinihadithia, nami nawahadithia ninyi, ya kwamba katika mji wa Nuhasiya alitawala Sultani Tamimu bin Ghalibu, mwenye majeshi na mabustani na ndevu zilizochanwa na watumishi wanne, na juu ya hayo alikuwa na yakuti nyekundu kubwa kama yai la kanga, iliyoitwa Moyo wa Ufalme, nayo ilikaa ndani ya masanduku saba katika chumba kisicho na dirisha, na hakuna aliyepata kuiona ila kwa mwanga wa taa. Na ilikuwa dasturi ya jumba lile kwamba kila bibi harusi anywe bilauri ya maji yaliyolowekwa yakuti ile, apate baraka. Nyanya wa Sultani aliyanywa, akatapika siku tatu, na watu wakapiga vigelegele wakasema ni furaha. Mama wa Sultani aliyanywa, nywele zikamnyonyoka, wakasema ni haya. Mimi ningesema ni sumu, lakini sikualikwa.

Ikafika zamu ya Shamsa, binti pekee wa Sultani, aliyeposwa na Amiri Dilshadi, bwana mwenye farasi mia na maneno machache, na hayo machache yalikuwa juu ya farasi. Akaitwa Sirhani, msaga wanja, alete wanja wa harusi barazani kwa Sultani, na kwa kuwa wanja husagwa kutoka jiwe, kijana yule alikuwa amejua mawe tangu utotoni. Alipoona yakuti inapitishwa kwenda kulowekwa, mkono wake ukamponyoka kwa mazoea, akaikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukaacha mfereji.

Sirhani akaanguka kifudifudi. "Ewe Sultani wa zama, Mola akuzidishie umri, yakuti haikwaruziki kwa ukucha. Hili ni jiwe la zarnikhi, jamaa ya madini ya kibiriti. Likiota jua hugeuka vumbi la manjano, na maji yake ni sumu. Nakusihi, usimnyweshe binti yako."

"Waniambia mimi kwamba hazina ya babu zangu ni laini kama sabuni?"

"Sabuni ina manufaa, bwana wangu."

Nyuma ya pazia Shamsa akacheka, naye hakuwa amecheka tangu aposwe. Sultani akatetemeka ndevu, akasema, "Litaanikwa juu ya paa siku saba, nawe utalilinda. Likigeuka vumbi, umesalimika. Lisipogeuka, shingo yako ni halali ya upanga, na binti yangu atakunywa."

Basi Sirhani akapanda juani na jiwe lake, na pale pale likaja wingu likatanda juu ya jumba la Sultani peke yake, na mji mzima watu wakaanika mpunga na nguo zikakauka, ila paa lile lilikuwa na kivuli cha pango. Siku ya kwanza, ya pili, hata ya sita. Kila adhuhuri Shamsa alipanda na mjakazi wake na seredani ya makaa na buli la kahawa.

"Msaga wanja, una hakika?"

"Bibie, nina hakika na jiwe. Wingu ndilo silielewi."

"Basi lielewe upesi, maana bilauri imekwisha oshwa," akasema Shamsa, kwa kuwa aliogopa kwelikweli. Na Sirhani aliogopa zaidi, na si kwa ajili ya shingo yake tu.

Siku ile ya sita akasogeza jiwe kona ya pili ya paa, na wingu likasogea. Akalirudisha, wingu likarudi. Akasema moyoni, humu mna mtu. Akapasha sindano motoni katika seredani, akaichomeka katika jiwe, na mara ikafuka harufu kali ya kitunguu saumu, hata wapishi kule chini wakaanza kugombana nani kaunguza, na ndani ya moshi akatokea jini mwenye kilemba chekundu, akikohoa.

"Nani anachoma ukuta wangu? Mimi ni Ghadanfari, mkazi wa jiwe hili miaka mia tatu, na jua laniumiza macho, ndiyo maana nimejitandia wingu. Nyumba ikivunjika nikalale wapi? Barazani?"

Shamsa akamwamkia kwa adabu, akamwambia, "Bwana Ghadanfari, nyumba yako itaniua kesho kutwa."

Jini akainamisha kichwa. Hakuna aliyewahi kumwambia. Ndipo Sirhani akafungua chungu chake cha wanja, akasema, "Tazama humu. Mna weusi kupita masanduku saba, kuna ubaridi, na jiwe lake nalo ni jamaa ya kibiriti, kwa hiyo hutakuwa ugenini." Jini akatia kidole, akanusa, akauliza kama kuna panya, akaapiwa hakuna, akahamia na mkeka wake.

Siku ya saba wingu likaondoka, na kwa kuwa mwenye nyumba ndiye aliyekuwa akiishikilia, jua likafanya kabla ya alasiri kazi ya siku saba. Sultani akapanda, akakuta vumbi la manjano. 

"Mama yangu alikuwa akificha nywele zake chini ya mto," akasema. "Nilikuwa mtoto, nikaziona, nikaambiwa ni haya." Na Sultani Tamimu akalia mbele ya watumishi wanne.

Kisha akamwita Amiri Dilshadi aonje maji yaliyotiwa vumbi lile, kama hana shaka nayo, na Amiri akakumbuka kwamba kuna farasi wake anazaa, akaondoka hata viatu akasahau. Shamsa akaulizwa amtakaye, akajibu, "Wote mlitaka ninywe. Huyu alitoa shingo yake nisinywe." Wakaozwa, Sirhani akatajirika kwa bustani tatu na cheo, na chungu kile hakikupungua wanja maisha yao yote. Siku ya harusi yalinywewa maji ya kisima, na Sultani ndiye aliyeonja kwanza.

Na funzo ni hili: ukipewa baraka iliyofungiwa gizani, omba kwanza itolewe nje. Sultani mwenyewe alitoboa dirisha katika kile chumba, akahamishia humo baraza lake, na mawaziri wawili wakajiuzulu kabla ya adhuhuri.