Harusi Iliyosubiri Simu ya Lubumbashi

"Mvuka mpaka hateki kisimani kwao." Nimemsikia Halfani akimwambia hivyo mwenzake anayefunga mizigo, nanyi mmenigeukia kuuliza ni kisima gani hicho. Hakuna kisima. Ketini niwaeleze methali hii ilikotoka, maana siku ilipozaliwa nilikuwapo.

Kaka yangu Ramia, mfanyabiashara wa vitunguu hapa Kondoa, alipeleka mzigo Lubumbashi. Alitarajia kurudi kabla ya ndoa ya Mwajabu, binti yake wa pekee, lakini forodha ikalishikilia lori lake. Tulimsihi amwachie mdogo wetu Sefu kazi ya walii. Akakataa katakata.

"Mwanangu nitamwoza kwa kinywa changu," alisema. "Sheikh atanisikia kwenye simu."

Ramia aliondoka na bando kubwa la simu, akajiona kamaliza kila kitu. Hakujua kwamba bando lile linaishia mpakani, na kwamba ng'ambo simu hula salio kwa pupa. Nasi tukamwongezea balaa kwa mapenzi yetu. Ili asijione mpweke, kamati ya harusi ilimtumia video za kila jambo: vigoma, mapambo, hata mchele ukichambuliwa. Simu yake ikazipakua zote yenyewe.

Siku ya ndoa, baada ya salamu tu, sauti yake ikakatika. Tukapiga, tukapiga tena, kimya. Mwajabu akawa analia chumbani, na sheikh anasubiriwa kwenye ndoa nyingine. Akauliza kama yupo walii mwingine. Sefu akasogea mkekani.

Huko Lubumbashi, Ramia alikuwa akizunguka uani kwenye nyumba ya wageni, simu kaiinua juu. Mama Ngalula, mwenye nyumba, akamuuliza anatafuta nini.

"Mtandao, mama. Binti yangu anaolewa sasa hivi, na simu imemaliza salio lote."

"Laini ni ya wapi?"

"Ya nyumbani."

"Papa, umevuka mupaka, na ungali unateka maji kwa kisima ya kwenu? Kamba itafika? Leta paspoti, twende kwa jirani."

Laini ya huko pamoja na bando la wiki vilimgharimu bei ya sahani ya ugali na samaki. Simu yetu ililia Sefu akiwa amekwisha kuushika mkono wa bwana harusi. Sheikh akaiweka sauti ya juu, akamwambia Ramia kwamba mkono umekwisha kushikwa.

"Sefu," tukamsikia kaka akihema, "uachie huo mkono kwanza."

Watu wakacheka, na Mwajabu akalia upya, safari hii kwa furaha. Ramia akampa sheikh idhini ya kumwoza mwanawe, neno kwa neno, bila kukatika.

Aliporudi tulimuuliza alipataje mtandao. Alitusimulia jibu la Mama Ngalula, akalifupisha kwa namna yake, na Kondoa nzima ikalidaka. Kwa hiyo, Halfani, mwambie mwenzio akishuka tu huko ng'ambo aulize laini ya wenyeji inauzwa wapi, kabla hajawapigia waliobaki. Kamba ya nyumbani haifiki. Mvuka mpaka hateki kisimani kwao.