Kazi Tatu za Chiriku

Mwenye kitu chema hana haja ya kupaza sauti sokoni. Kitu chenyewe humwita mnunuzi. Kibaya ndicho kinachozungushwa mlango kwa mlango kikimiminiwa sifa. Hiyo ndiyo maana ya methali isemayo, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," na ukweli wake ulimdhihirikia msichana mmoja aliyekuwa karibu kuolewa.

Nyumbani walimbandika jina la Chiriku, ndege mwenye kelele, kwa utani tu, kwani alikuwa mkimya kama maji ya mtungini. Alikuwa na kazi tatu, na hakuna hata moja aliyojua kuieleza. Siku alipokaribishwa kwao mchumba wake, shangazi wa mchumba, muuguzi mstaafu ambaye neno lake halikupingwa katika ukoo ule, alimtazama juu ya miwani.

"Mwanangu, unafanya kazi gani?"

"Asubuhi nafua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, shangazi. Mchana namsomea magazeti mzee mmoja asiyeona. Jioni natunza miche kitaluni."

"Hizo ni kazi tatu. Mimi nimekuuliza kazi."

Maneno yalimkauka Chiriku kinywani. Mama wa mchumba akanong'ona kwamba mshika mawili moja humponyoka, sembuse mshika matatu. Kijana alitaka kumtetea mwenzake, lakini shangazi aliinua mkono.

"Asisemewe. Kesho nitafuatana naye nikaone mwenyewe. Nisiporidhika, mambo haya yaishie hapo."

Chiriku alirudi kwao roho mkononi.

Asubuhi iliyofuata, chumba cha kufulia kilijaa mvuke mweupe, watu wakionekana nusunusu kana kwamba wanatembea ndotoni. Chiriku alinyoosha shuka kwa pasi, kisha akapitisha mgongo wa kiganja juu yake, polepole, macho kayafumba.

"Unatafuta nini?" shangazi aliuliza.

"Kunjo. Mengine macho hayayaoni. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza atalilalia mchana kutwa, limchubue."

Shangazi alikuwa ameuguza watu miaka thelathini. Alivua saa yake, akashika ncha ya pili ya shuka.

Mchana waliingia kwa yule mzee. Jua lilipenya pazia jembamba na kutandaza sakafuni mwanga wa rangi ya asali. Chiriku alisoma habari, akasoma hali ya hewa, hatimaye akafikia matangazo ya vifo. Sauti iliyokuwa imekwama sebuleni jana, hapa ilitiririka. Ila kabla ya kila jina alinyamaza kidogo.

"Mbona unakatakata?" shangazi alimnong'oneza.

Mzee ndiye aliyejibu. "Ananipa nafasi ya kushika kiti. Kwa umri wangu, bibi, kila jina laweza kuwa la rafiki."

Chiriku aliendelea. Akanyamaza, kisha akasoma jina la mwanamke mmoja, mwalimu. Hakufika mwisho wa tangazo. Shangazi alikuwa ameng'ang'ania mkono wa kiti.

"Tulikaa dawati moja," alisema baadaye. "Kila mwaka nasema nitakwenda kumwona."

Chiriku alikunja gazeti, akasogeza kiti chake karibu, akamshika mkono. Mzee naye aligeuza uso dirishani akasubiri. Walikaa hivyo watatu, hata ule mwanga wa asali ukahama sakafuni ukapanda ukutani.

Jioni, kitaluni, shangazi hakuuliza tena. Chiriku alimkabidhi mche mwembamba kama uzi, akamwonyesha kuushika kwa jani, si kwa shina. Shangazi akauatika, machozi yakimdondoka juu ya udongo mbichi, na Chiriku akaendelea na mstari wake kana kwamba hajaona.

Waliporudi, ukoo mzima ulikuwa sebuleni ukisubiri.

"Haya, dada," baba wa mchumba alisema, "tuambie. Anafanya kazi gani hasa?"

Shangazi alitafuta neno, akalikosa, akacheka mwenyewe. "Nikieleza nitaharibu, kaka. Nenda kashinde naye kutwa, kama nilivyoshinda mimi. Leo nimefiwa mbele yake, na mkono wake ndio ulionifikia kwanza. Pangeni tarehe ya harusi."

Mama wa mchumba alisogea kwenye kochi, akapigapiga mto pembeni yake. "Njoo ukae hapa, mwanangu."

Chiriku alikwenda akakaa, moyo umemtulia kama ziwa la alfajiri. Hakuwa amejisifu hata kwa neno moja. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.