Nyundo ya Mnada Haizimi Jiko

Nyundo ya mnada haizimi jiko. Mmeirudiarudia tangu asubuhi, wala hakuna kati yenu anayejua jiko liliingiaje mnadani. Tulieni basi. Methali hii ilianza hivi.

Huko Upareni, milimani kunakolimwa tangawizi, wakulima walikuwa na chama cha kuweka akiba na kukopeshana. Kamati ya mikopo ilikuwa na watu watatu, na aliyetoka kila kikao ameudhika ni Nakiete, mwanamke ambaye hakununua gunia la tangawizi bila kulimwaga lote chini. "Juu ya gunia ni salamu tu," alizoea kusema.

Siku moja akaja kijana Zefania kutaka mkopo wa mashine ya kusaga tangawizi. Dhamana yake ilikuwa shamba lenye nyumba alilolinunua mnadani, baada ya mwenye shamba kushindwa kulipa benki. Akatoa cheti cha dalali.

"Hati iko kwa jina la nani?" Nakiete akauliza.

"Mama, nyundo iligongwa mbele yenu nyote."

"Sikukuuliza habari za nyundo, mwanangu."

Mwenyekiti, Mzee Eliamani, akacheka. "Dada, hata wewe ulikuwepo, unatafuna mahindi ya kuchoma! Sasa unauliza nini?"

"Nauliza nani amekwenda kwa msajili wa hati kufanya upekuzi, aone shamba limeandikwa la nani. Ni nauli ya basi tu!"

"Nakiete na upekuzi wake!"

Kweli kijiji kizima kilikuwepo, na hilo ndilo lililowaponza. Kwao, jambo lililoshuhudiwa na watu wote lilikuwa limekwisha. Ndivyo walivyouziana ng'ombe, ndivyo walivyoozesha mabinti.

Wakaenda kulikagua shamba. Mwenyekiti akapima mipaka kwa hatua, akaisifu migomba. Nakiete yeye alitazama moshi uliotoka jikoni, nyuma ya nyumba.

"Na huo moshi wa nani?"

"Wa mke wa mwenye deni. Atahama."

"Anayehama hapangi kuni mbichi zikauke, Eliamani. Hebu tazama rundo lile!"

Hawakutazama. Kura zikawa mbili kwa moja. Nakiete akajikaza khanga kiunoni, akaondoka bila kuaga.

Mashine ikafa msimu wa kwanza, na Zefania akatorokea Tanga. Januari ikakaribia, wanachama wakaja kuchukua akiba zao za ada za watoto, wakakuta sanduku tupu. Kamati ikamwita dalali yuleyule, na nyundo yake ileile, waende wakalinadi shamba.

Moshi ulikuwa bado unatoka. Mama Namkunda, mke wa yule mwenye deni la benki, alikuwa anakoroga makande. Kuni zilikuwa zimekauka vizuri.

"Karibuni. Mmekuja kuuza tena?"

"Mama, shamba hili liliuzwa," Eliamani akafoka. "Nyundo iligongwa!"

"Niliisikia, shemeji. Nilikuwa hapahapa nachambua maharage. Mume wangu aliliweka rehani bila sahihi yangu, nami nikawahi mahakamani kabla ya mnada. Zuio la mahakama liko kwa msajili, na kila anayeuliza huonyeshwa. Huyo Zefania wenu hakuwahi kuandikwa kwenye hati." Akafunika chungu. "Nyundo ya mnada haizimi jiko."

Dalali akaificha nyundo nyuma ya mgongo.

"Dada," Eliamani akamgeukia Nakiete, sauti imemshuka, "sasa tufanyeje?"

"Nauli ya basi, Eliamani! Nauli ya basi!" Ada ya mjukuu wa Nakiete ilikuwa humohumo sandukuni.

Mama Namkunda akawapakulia makande. Wakala wamesimama, kila mtu akitazama sahani yake.

Januari ile watoto wengi walibaki nyumbani, na mjukuu wa Nakiete alikuwa mmoja wao. Tangu hapo, anayeleta kwenye chama kile shamba la mnadani hutumwa kwanza kwa msajili. Akinung'unika kwamba watu wote walishuhudia, wote wanajua la kumjibu: nyundo ya mnada haizimi jiko.