Waliomrudisha Subilaga

Mwenye jibu la haraka na alimeze kwanza. Kisa hiki kinaanza na watu wanaogombea sifa, na kinaishia pale ambapo sifa hiyohiyo imekosa wa kuipokea.

Huko Rungwe, upande wa mashamba ya chai, alikuwapo mfinyanzi aliyeitwa Subilaga. Mume alikwisha kufariki, na mtoto hakujaliwa. Alikuwa na shamba dogo la migomba, shimo la udongo nyuma ya nyumba, na ndugu watatu wa tumbo moja, wadogo zake wote, aliowalea mwenyewe tangu mama yao alipowatoka.

Kila mmoja wa ndugu hao alikuwa na lake. Ambakisye alikuwa na mikono. Gogo la kubebwa na watu wawili alilitia begani peke yake. Sekela alikuwa na pumzi. Wanakwaya wenzake wakinyamaza kuvuta hewa, yeye bado ameishikilia sauti. Lugano, kitindamimba, alikuwa na macho. Ukimwekea jani la chai kiganjani anakwambia limechumwa upande gani wa kilima.

Msimu mmoja wa mvua, Subilaga akiwa chini anachimba, ukuta wa shimo ukaporomoka ukamfunika. Yaliyofuata hakuyaona. Aliyasikia baadaye, akiwa kitandani hospitalini, na kila msimulizi alianzia pale alipoingia yeye.

Ambakisye alisimulia hivi: "Dada, nilikuta vidole vyako tu juu ya udongo. Nikachimba kwa mikono, nikakushika makwapani, nikakung'oa kama muhogo. Jembe lilikuwa limekupasua paja, damu inaruka kwa mapigo. Nikavua shati, nikalikunja, nikalikandamiza pale kwa ngumi zote mbili. Lori la chai lilitubeba mpaka hospitali, na njia nzima sikuinua mkono. Daktari mwenyewe alisema, moyo unasukuma damu, lakini damu ikiisha, moyo utasukuma nini?"

Sekela naye: "Pale kando ya shimo damu imezibwa, sawa, lakini hukuwa unahema. Midomo ilikuwa rangi ya majivu. Nikakutoa udongo kinywani kwa kidole, nikakubana pua, nikakupulizia hewa yangu. Kifua kinapanda, kinashuka, kinakaa kimya. Napuliza tena. Watu wakaniambia, Sekela, mwache, ameshakwenda. Nikapuliza mpaka nikaona mbingu zinazunguka, ndipo ukakohoa. Bila hewa, dada, hiyo damu aliyoizuia Ambakisye ingekuwa maji mekundu tu."

Lugano hakuwa msemaji sana, ila naye alisema: "Siku zile wenzangu walipokwenda nyumbani kupumzika, nilibaki nikiutazama mfuko wa mkojo. Ulianza kuwa kama kahawa. Kisha ukakauka. Nikamwita nesi, nesi akamwita daktari. Akasema nyama za paja zilizopondwa zimemwaga sumu kwenye damu, na figo zimeshindwa kuichuja. Inabidi uhamishwe upelekwe kwenye mashine ya kusafisha damu, na unaweza kufia njiani. Kaka alisita. Sekela alilia. Mimi nikasema, apelekwe."

Basi figo zikaamka, na Subilaga akarudi duniani. Alikuwa mwepesi wa shukrani. Kabla hata hajaweza kukaa, akawaambia, "Mimi sina wa kunirithi. Migomba yangu na nyumba yangu nitampa yule aliyeniokoa."

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kila siku mmoja alifika na uji, na kila siku hadithi ilirefuka kidogo. Ngumi za Ambakisye zikawa zimekufa ganzi kwa wiki nzima. Sekela akawa ametapika damu kwa kupuliza. Lugano naye, aliyekuwa mkimya, akakumbuka kwamba hakufumba jicho tangu siku ya kwanza. Subilaga aliwasikiliza kwa furaha. Hakuwa amewahi kugombewa maishani mwake, na aliuona ugomvi huo kuwa mtamu kuliko uji.

Jambo moja tu lilimsumbua. Miguu ilikuwa pale mwisho wa kitanda, lakini haikuwa yake. Alipouliza, daktari alisema tungoje uvimbe ushuke.

Uvimbe ukashuka. Daktari akaja akaketi, na daktari akiketi ujue habari ni nzito.

"Mama," alisema, "mapafu yako ni mazima. Moyo mzima. Figo zinafanya kazi. Tumbo linasaga chakula. Lakini uti wa mgongo umekatika. Ndiyo njia ya habari kati ya kichwa na miguu. Kichwa kinaagiza, agizo halifiki. Hutatembea. Na haja zako hutazihisi, itabidi usaidiwe." Akawageukia wale watatu. "Atahitaji mtu mmoja wa kukaa naye. Ageuzwe usiku na mchana, maana ngozi inayolaliwa mahali pamoja huoza. Atawekewa mpira wa mkojo, na usafi wake si wa kubahatisha."

Daktari akaondoka. Kisha Nesi Anyimike akauliza, kwa upole kabisa, kwa kuwa ndiyo kazi yake kuuliza, "Sasa mgonjwa anakwenda kwa nani?"

Ambakisye alikohoa. "Kwangu kuna mteremko na utelezi, na mke wangu ametoka kujifungua. Mimi nilizuia damu tu. Hiyo ni kazi ya mikono, mtu yeyote angeifanya. Aliyemrudisha hasa ni Sekela. Dada alikuwa ameshakwenda, Sekela ndiye aliyemwita."

"Mimi ni mke wa mtu," Sekela alisema. "Nakaa kwa mama mkwe. Unajua atasema nini. Na tukitaka kuhesabiana, kaka, ni nani aliyemng'oa kama muhogo? Mgongo ulikatika saa ngapi? Ulikatwa na udongo au ulikatwa na wewe?"

"Ningemwacha mle ndani?"

"Sijasema hivyo. Na mimi sikumuumiza. Na figo je? Daktari alisema angeweza kuondoka polepole, usingizini, bila maumivu. Nani alisema apelekwe?"

Wote wakamtazama Lugano. Yeye alikuwa akitazama sakafu, na macho yake yale hayakuona kitu cha kumsaidia.

"Nina chumba kimoja cha kupanga," alisema. "Na mimi ni mwanamume. Nitamwoshaje dada yangu? Hata yeye hatataka. Mimi niliona tu mkojo umebadilika. Kuona si kuokoa."

Subilaga alikuwa amelala palepale, katikati yao. Jana walikuwa wakigombea sifa ya kumwokoa, na leo kila mmoja anaapa kwamba si yeye aliyemwokoa. Alikuwa na neno la kusema, kuhusu nani aliyebebwa mgongoni mwa nani, na mgongo wenyewe ndio huu. Lakini aliona kwamba neno hilo likishatoka litakuwa bei, nao wataanza kulipunguza. Akalimeza.

"Shamba bado lipo," alisema badala yake. "Mchukuzi wangu na achukue na migomba."

Ambakisye akasema migomba imezeeka. Sekela akasema labda ikiuzwa. Lugano akaendelea kuitazama sakafu.

Nesi Anyimike akaleta kiti cha magurudumu, maana kitanda kilikuwa kinangojewa na mgonjwa mwingine. Wakamkalisha. Mikono ya Ambakisye ilimwinua kwa wepesi uleule, na hata hapo Subilaga alijua kwamba hakuna uwongo katika mikono ile. Ilimpenda, ila haikutaka kumbeba mbali.

"Dada, basi chagua wewe," Sekela alisema, na sasa alikuwa analia kweli. "Utakayemchagua hatakataa."

Subilaga akawatazama mmoja mmoja. Kukataliwa angekuvumilia. Lakini akitaja jina moja, nyuso mbili zitapata nafuu, naye atakuwa amekaa mbele yao akiziona. Hilo hakuliweza.

"Sichagui," alisema. "Mlijua kunirudisha bila kuniuliza. Jueni na pa kunipeleka."

Nesi akakisukuma kiti mpaka nje. Basi hapo ndipo walipo, nje ya mlango wa wodi: kiti kimoja, mgonjwa mmoja, na watu watatu ambao kila mmoja ana sababu ya kweli na kila mmoja alifanya kazi ambayo pasipo hiyo zile nyingine mbili zingekuwa bure. Nesi ameshikilia kiti, na wodini wanamwita.

Ninyi mnaosikiliza, mkiwa mna dada na hata mkiwa hamna: kiti hiki akabidhiwe aliyezuia damu, aliyetia pumzi, au aliyeokoa figo? Na huyo mtakayemtaja, mtamwambia amepewa tuzo, au mtamwambia amepewa adhabu?