Viazi Alivyoviosha Atuganile

"Kiazi hudumu na udongo wake." Mmemsikia yule mama anayeshona magunia akilisema neno hilo, mkacheka, kisha mkaniuliza limetoka wapi. Kaeni basi, lori bado halijafika. Mimi nimelala katika nyumba za watu wengi, na neno hili nililikuta katika nyumba moja kule Isongole, milimani Rungwe, ambako baridi huingia hadi kwenye mifupa. Chanzo chake ni hiki.

Alikuwako mjane aitwaye Subilaga. Mwanawe wa pekee, Lwitiko, alioa binti wa Kyela, kwenye mashamba ya mpunga, akamleta mlimani. Binti huyo aliitwa Atuganile. Hata mwaka haujaisha, homa ikamchukua Lwitiko. Mtoto hawakuwa wamejaliwa. Siku yoyote Atuganile angeweza kurudi kwao, na Subilaga angebaki na kuta. Hilo alilihofia kuliko njaa.

Akawaza: mtu hukimbia kinachomuuma, nikikiondoa, hatakimbia. Akagawa nguo zote za Lwitiko, hata koti. Jembe lake akampa jirani. Mtu akija akataka kumtaja marehemu, Subilaga alimkatiza kwa kuuliza habari za mvua. Jina lile likakoma mle ndani. Wale wanawake wawili wakawa wanakula wakisikilizana vijiko tu.

Yakafika mavuno. Watu wa kule wakichimba viazi huviacha vikauke kivulini, huvipukutisha udongo kwa mkono, kisha huvitandaza kwenye chumba cha giza juu ya nyasi kavu. Maji hayavigusi mpaka siku ya kupikwa. Kila aliyezaliwa mlimani anajua, ndiyo maana hakuna anayekumbuka kumwambia mgeni. Subilaga alikwenda msibani kijiji cha pili, akakaa siku tatu. Huku nyuma Atuganile akaona aibu kuweka chakula ndani na matope yake. Akateka maji mtoni, ndoo baada ya ndoo, akaosha viazi vyote vikang'aa kama mayai, akavirundika kwenye kile chumba cha giza vikiwa bado vimelowa. Alitaka mama mkwe afurahi.

Wiki ya tatu ikaja harufu. Subilaga akaingiza mkono kwenye rundo, ukatoka na uji.

"Umeviosha?"

"Nilivisafisha, Mama. Vilikuwa vichafu."

"Vichafu! Wee mtoto wa wala wali! Mchele ndio unaooshwa. Ule udongo ni nguo ya kiazi, unakivuaje? Kiazi hudumu na udongo wake!"

Atuganile akasema polepole, "Na mimi je, Mama?"

"Wewe umefanywa nini?"

"Umeniosha. Koti lake, jembe lake, hata jina lake. Lwitiko ndiye udongo wangu hapa. Ulipomtoa, ulitaka nikae na nini? Nimeoza humu ndani, Mama, na hukunusa."

Subilaga akakaa chini palepale, mikono inanuka. "Nilidhani ukimsahau, utabaki."

"Ningebaki kwa ajili yake. Kwa nyumba tupu siwezi."

Kesho yake Atuganile aliondoka. Hawakugombana. Subilaga alichambua kilichosalimika, akamjazia kikapu, akamsindikiza hadi kwenye daraja la miti. Pale ndipo alipolitamka jina la mwanawe kwa mara ya kwanza tangu mazishi: "Lwitiko alikupenda sana." Atuganile akalia, akavuka.

Mimi nilifika nyumba ile miaka saba baadaye, nikikimbia mvua. Yule mama akanipikia viazi, nikala. Akaanza kunieleza Lwitiko alivyopiga mluzi akilima, alivyochukia mtindi, alivyocheka hadi akashika ukuta. Kijana mwenyewe sikuwahi kumwona. Mvua ikakatika, nikasimama kuaga.

"Kaa kidogo, baba," akasema. "Sijakwambia alivyoanza kutembea."

Mimi si mtu wa kukaa, mnanijua. Nikakaa. Alipomaliza lile la kutembea, akanieleza pia kisa cha viazi, bila kujipendelea hata kidogo, kisha akatazama upande wa Kyela, akasema kama anayemwambia mtu aliyeko mbali:

"Kiazi hudumu na udongo wake."