Mgongo kwa Jukwaa

Kuna watu ambao hushiba kwa kukumbuka. Waulize wamekula nini leo, watakusimulia karamu ya miaka kumi na minane iliyopita, tena kwa mate mdomoni, huku sufuria jikoni imefunikwa kifudifudi. Nadhani ni watu wa namna hiyo waliowachosha wahenga mpaka wakauliza lile swali lao kali kuhusu mla wa leo na mla wa jana. Évariste alikuwa mmoja wao. Hakulijibu swali hilo mpaka Jumamosi moja ya Desemba mwaka 2005, na jibu lilimtokea puani.

Évariste alikuwa mlinzi jijini Johannesburg, lakini ukimwuliza kazi yake, alikuambia kwamba yeye ni mpiga gitaa. Na kweli, mwaka 1987 huko Lubumbashi alikuwa nyota wa bendi ya wanafunzi. Alizinyoosha nywele kwa dawa, akazifuga hadi mabegani, akavaa suruali za kubana na kujipaka wanja, yote kwa kuiga bendi moja ya roki ya ng'ambo ambayo kanda zake zilimtia wazimu. Aliiandikia barua, na baada ya miezi saba akaletewa picha ya mwimbaji wao, nywele za dhahabu zikimfika kiunoni, na sahihi chini yake. Baadaye bendi ya Évariste ilisambaratika, vita vikaja, akavuka mipaka mitatu pamoja na mkewe Marthe. Vitu vingi viliachwa njiani. Picha haikuachwa.

Aliyeachwa ni binti yao Murielle. Walimwacha kwa bibi yake akiwa na miaka saba, na sasa alikuwa na kumi na miwili. Hilo ndilo lililomnyima Marthe usingizi kila mwaka.

Mwaka huo, hata hivyo, mlango ulifunguka kidogo. Onesmo, msimamizi wa walinzi, Mtanzania asiyependa maneno mengi, alitangaza kwamba atakayeimaliza Desemba bila kosa atapewa ajira ya kudumu Januari. Kwa barua ya ajira wangepata chumba chao wenyewe, badala ya ile kona yao nyuma ya pazia katika fleti ya watu tisa pale Doornfontein, na Murielle angekuja kabla shule hazijafunguliwa. Marthe alikwisha kumnunulia godoro. Lilisimama limeegemea ukuta, bado limo ndani ya nailoni yake.

Marthe alikuwa msusi. Wiki ile dereva fulani asiyejieleza alimletea mafungu ya nywele za dhahabu, akataka wigi nne ndefu kabla ya Ijumaa, kwa kuwa za wateja wake zilipotea na mizigo safarini. Marthe alishona mpaka vidole vikapasuka. Kila wigi aliitia mishono mitatu ya uzi mwekundu kisogoni, kama alivyozoea, ili aitambue kazi yake hata ikirudishwa na malalamiko. Évariste alizitazama wigi hizo akacheka, kisha akaitoa picha yake.

"Angalia nywele ya muntu, Mama Murielle. Hii haiko ya kushona."

"Nywele ya mwaka gani hiyo?" Marthe aliuliza bila kuinua macho.

Sasa basi, bendi ile ile ilikuwa inakuja Johannesburg Jumamosi ya wiki hiyo, msimu wa Krismasi, kuwapigia watu nyimbo za zamani. Onesmo alikuwa amempanga Évariste kulinda maduka Fordsburg siku hiyo, kazi ya kivulini isiyo na purukushani. Évariste alimganda siku mbili nzima akitaka apelekwe kwenye tamasha.

"Haya, nenda," Onesmo alisema mwishowe. "Ila sheria unaijua, kaka. Mgongo kwa jukwaa, macho kwa watu. Ukigeuka, usinilaumu."

Siku ya tamasha Marthe alimfunga vifungo vya shati kwa mikono yake mwenyewe. "Papa Murielle, sikia na masikio tu. Usigeuke. Mutoto anangojea."

"Siwezi kugeuka," alijibu, na picha ilikuwa mfukoni mwa shati hilo hilo.

Mchana huo uwanja ulijaa watu wazima wenye vitambi, wamebanwa na fulana za ujana wao, wengine wamevaa kofia nyekundu za Krismasi. Évariste alisimama kwenye uzio wa chuma akiwatazama. Nyuma yake muziki ulianza. Sauti ya mwimbaji ilikuwa imechakaa, lakini alijiambia kwamba ni spika. Alivumilia wimbo wa kwanza, akavumilia hata wa tano. Wa sita ulikuwa ule aliokuwa akiwalizia wasichana wa Lubumbashi, na vidole vyake vikaanza kucheza pajani bila ruhusa yake. Mvua kubwa ilishuka ghafla, kama kawaida ya Desemba. Mwimbaji alikimbilia ukingoni mwa jukwaa, akapiga magoti hatua tatu nyuma ya Évariste, akapaza sauti: "Mko wapi watu wangu wa zamani?"

Évariste aligeuka.

Alimwona mzee aliyelowa, ameinamisha kichwa, anahema. Wigi yake ilikuwa imeteleza mbele na kuacha kisogo wazi, chenye upara, na kwenye pindo la wigi ilionekana mishono mitatu ya uzi mwekundu. Évariste aliikodolea macho mishono ile asiweze kuyatoa. Nyuma yake mlevi mmoja aliukwea uzio, akateleza, akaangukia sakafu ya saruji. Mguu ulivunjika, na ukelele wake ndio uliomgutusha.

Onesmo alikuja kwenye mvua. Hakufoka. "Eish, kaka. Nilikupa Fordsburg," alisema, akamvua kitambulisho cha kazi kifuani.

Jua lilikuwa halijazama Évariste alipofika nyumbani. Marthe alikitazama kifua kisicho na kitambulisho, akaketi.

"Uligeuka."

"Niligeuka."

"Na uliona nini?"

"Kazi yako," Évariste alisema. Aliiweka picha mezani. Wino wa sahihi ulikuwa umetoka wote. Marthe hakulia, aliviangalia vidole vyake vilivyopasuka, na Évariste aliona heri angelia.

Simu iliita. Ilikuwa Jumamosi, siku ya Murielle. Marthe alimsukumia mumewe simu.

"Papa, bibi anauliza: nifunge sanduku?"

Évariste alifungua kinywa aseme kweli, kweli ikakataa kutoka. Alijisikia akisema, "Unajua, mama, mwaka wa 1987, pale Lubumbashi..."

"Ile ulinambiaka, papa. Mi nauliza ya leo."

Évariste alilitazama godoro lililoegemea ukuta. Ya leo hakuwa nayo hata chembe. Ama kweli, mla ni mla leo. Mla jana kala nini?